Mtoto wa Mwisho Katika Orodha

Siku ya kufunga shule, katika shule nyingi za msingi za wilaya ya Mwanga huku Upare, tangu Lembeni na Kisangara zilizo tambarare kando ya barabara kuu hata Usangi na Ugweno zilizo juu milimani, iko ada moja ambayo nimeishuhudia kwa miaka mingi, na kila niishuhudiapo moyo wangu hukataa kuizoea. Wanafunzi hupangwa mistari uwanjani, wazazi huketi kivulini katika madawati yaliyotolewa madarasani, na mwalimu wa taaluma hufungua karatasi yake akasoma majina kwa mpango wa alama: wa kwanza hupigiwa vigelegele, wa pili na wa tatu hupewa madaftari, na hatimaye, sauti ya msomaji ikiwa imekwisha shuka na wazazi wameanza kuzungumza wao kwa wao, husomwa jina la yule aliyeshika mkia. Jina hilo aghalabu ni lile lile lililosomwa muhula uliopita, na mwaka uliopita, tangu mwenyewe alipokuwa darasa la pili.

La ajabu si kuwa wa mwisho, maana katika kila safu ya watu lazima awepo wa mwisho. La ajabu ni kwamba mtoto mmoja hushika nafasi moja miaka nenda miaka rudi mbele ya walimu wake, wazazi wake na kamati ya shule, na asitokee mtu hata mmoja wa kuuliza sababu. Sababu hudhaniwa kuwa imekwisha julikana: huyu mvivu, huyu mtundu, huyu hana kichwa cha shule, huyu amemfuata mjomba wake, na katika nyumba nyingine hunong'onwa kuwa upo mkono wa mtu. Mimi nadai kinyume cha hayo, na nadai kwa yakini. Si wachache katika watoto hawa walio na akili timamu, na baadhi yao akili nyingi, ila wamezuiwa na ugumu wa kujifunza waliozaliwa nao, ambao hauondolewi kwa fimbo, wala kwa hirizi, wala kwa kukariri darasa, bali hupunguzwa kwa namna nyingine ya kufundishwa, inayoanza mapema na kusimamiwa na mtu anayeamini kwamba mtoto anaweza. Na sisi watu wa Upare, tunaojivunia elimu kuliko mali, tuna deni kwao lililo kubwa kuliko la wengine.

Kijana wa Seaford

Mwezi wa Novemba mwaka 1896 tabibu mmoja wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliyekuwa akiuguza watu katika mji mdogo wa pwani uitwao Seaford, alieleza katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za kijana wa miaka 14 ambaye alimtaja kwa jina la Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa fahamu, hodari wa michezo, macho yake mazima, na hakupungukiwa na chochote mbele ya wenzake isipokuwa jambo moja: alikuwa amefundishwa kusoma kwa miaka mingi na watu wenye juhudi, na bado aliyaweza maneno mafupi tu, tena kwa taabu, hata jina lake mwenyewe akaliandika kwa kupotosha mpango wa herufi. Tarakimu hazikumsumbua. Mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangalikuwa ya kusemwa kwa mdomo, kijana huyo angalikuwa hodari kuliko wote shuleni.

Tangu wakati huo maarifa yameongezeka sana. Hali ya Percy leo huitwa disleksia, na waliosoma habari za ubongo wameonyesha kwamba asili yake aghalabu ni taabu ya kupambanua sauti ndogo ndogo zilizomo katika neno na kuzifunga pamoja na herufi zake, kazi ambayo kwa mtoto mwingine hufanyika upesi hata asijue kwamba imefanyika. Ipo pia diskalkulia, ambayo humnyima mtoto hisia ya wingi, akawa anaijua sura ya 7 na ya 9 lakini haoni ipi imezidi mpaka ahesabu kwa vidole. Na ipo ile ya mkono, ambapo fikra ni njema na ulimi ni mwepesi lakini kalamu haitii. Hali hizi huenda katika koo. Kwa hiyo yamkini baba anayemchapa mwanawe kwa kutojua kusoma ndiye aliyempa urithi huo, naye mwenyewe alichapwa kwa sababu hiyo hiyo zamani zake, akakimbia shule, na mpaka leo anaamini kwamba alikuwa mjinga.

Ni watoto wangapi? Wataalamu wengi hukadiria kwamba katika kila watoto 100, kati ya 5 na 10 wana disleksia ya kadiri fulani, nyepesi au nzito. Chukua darasa la watoto 80, ambalo tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 si jambo la kushangaza tena katika shule zetu, ukapige hesabu: humo ndani wamo wanne, labda wanane. Katika shule moja yenye madarasa saba tunazungumzia watoto wa kujaza chumba.

Lakini insafu yataka tutenganishe mambo, kwani si kila asiyesoma ana disleksia. Yuko mtoto ambaye haoni ubao, na yuko ambaye hasikii vizuri kwa sababu sikio lilitoka usaha tangu uchanga na halikutibiwa; hao dawa yao ni ya macho na ya masikio. Yuko mwenye ulemavu wa akili, ambaye hukawia katika mambo yote, katika kusema, katika kuvaa, katika kucheza, na anastahili malezi ya namna yake. Yuko aliyeugua malaria ikapanda kichwani: huko Kilifi, Kenya, watafiti wameandika kwa miaka mingi jinsi baadhi ya watoto walionusurika na malaria ya ubongo wanavyobaki na udhaifu wa lugha na wa kukumbuka, na sisi wenye ndugu huko Kileo na kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu tunajua mbu wa huko. Yuko mwenye njaa, aliyepanda mlima tangu alfajiri bila hata uji. Na yuko wa milimani aliyelelewa kwa lugha zetu za Chasu au Kigweno, akafika darasa la kwanza na Kiswahili cha kuombea maji tu. Huyo mpe muda, atawakuta wenzake. Mwenye disleksia ni yule anayebaki baada ya wote hao kutolewa katika hesabu: anaona, anasikia, anashiba, anasema Kiswahili kizuri, anajibu maswali ya mdomo kabla ya wengine, na ukimpa kitabu ananyamaza.

Daftari na ndiva

Nimelishika mkononi daftari la mtoto wa namna hii, wa darasa la nne, katika kijiji kimoja cha juu. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni sentensi ya kunakiliwa: mbwa wa jirani amebweka usiku. Ndani ya daftari, kwa herufi zilizokandamizwa mpaka zikatoboa karatasi, imeandikwa: bwa wa jirani amedweka usuki. Chini yake pana alama ya kosa ya wino mwekundu, na maneno mawili ambayo kila mzazi anayajua: ongeza bidii. Ukurasa wa pili ni hivyo hivyo, na wa tatu. Bidii gani zaidi ya ile iliyotoboa karatasi?

Jioni ya siku ile mtoto huyo alinichukua hadi kwenye ndiva ya kitongoji chao, lile bwawa la udongo na mawe ambalo wazee wetu walilibuni ili maji ya mfereji yajae usiku na yafunguliwe kwa zamu mchana. Alinieleza zamu za juma zima bila kusita, ni nani Jumatatu na ni nani Jumanne, nani ameazima zamu ya nani kwa sababu ya msiba, maji yakitoka alfajiri yatafika shamba gani kabla ya jua kuwa kali, na mahali mfereji unapovuja palipozibwa vibaya. Mambo hayo yote hayakuandikwa popote. Aliyashika kichwani kwa kusikiliza wakubwa, akayapanga, na alipoulizwa akayatoa kwa mpango. Nani atakayeniambia kwamba kichwa kile hakina kitu ndani yake?

Kiswahili chenyewe kinatupa nafasi njema ya kuwatambua watoto hawa, nasi tunaipoteza. Maandishi yetu ni ya haki: herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa, na mtoto wa kawaida aliyekwisha shika silabi husoma hata neno asilolijua maana. Wenzetu wanaojifunza kwa Kiingereza hawana neema hiyo. Hata hivyo kuandika Kiswahili si kazi nyepesi kwa mtoto mdogo kama tunavyodhani sisi tuliokwisha sahau utoto wetu. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao juu ya makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika lugha hii, wakaonyesha kwamba makosa hayo yana taratibu zake na yanaweza kusomwa yakafahamika. Konsonanti zinazofuatana, mb, nd, ngw, nyw, ndizo zinazowaangusha wengi. Mtoto wa kawaida huanguka, akasahihishwa, akainuka. Mwenye disleksia huanguka pale pale mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hata akisha kuweza kusoma, husoma polepole mno, kwa jasho, hata akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha mtoka.

Nao watoto hawa ni werevu wa kujificha. Wakati silabi zilipokuwa zikifundishwa kwa kuimba, ba be bi bo bu, darasa zima kwa sauti moja, mtoto aliweza kuimba pamoja na wote mwaka mzima bila kutambua hata herufi moja, na kitabu cha hadithi akakihifadhi kwa kusikia wenzake, akakisoma kwa ufasaha huku kidole chake kiko mstari mwingine kabisa. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulimtaka mwalimu aanze na sauti ya herufi, na jambo hilo ni jema sana kwa watoto hawa. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto 80 atamsikiliza nani mmoja mmoja? Hata chuoni kwa maalimu nimeyasikia mambo ya jinsi hiyo: mtoto amehifadhi sura nyingi kwa sikio, tajwidi yake safi, na msahafu ukifunguliwa mahali asipopatarajia hawezi kuendelea.

Fahari ya Upare na uzito wake

Upare uliupokea usomi mapema. Waadventista walifika Upare wa kusini mwaka 1903, Walutheri wa misheni ya Leipzig wakajenga kaskazini, Waislamu wa Usangi na Ugweno walikuwa na vyuo vyao, na baadaye wazazi wetu, kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja, walibeba mawe na mchanga vichwani wakajenga madarasa mengi kuliko serikali yoyote ingaliyoweza kuwajengea. Ardhi ya mlimani ni finyu; shamba ukiligawa kwa wana watano halimlishi hata mmoja; basi kalamu ikawa ndiyo shamba. Mtoto wa Usangi hukua akiambiwa habari za Cleopa Msuya, aliyetoka katika vilima hivyo hivyo akawa waziri mkuu mara mbili. Sina neno juu ya fahari hiyo, kwani mimi pia imenilea.

Lakini fahari ina uzito, na uzito huo huwaangukia wasioweza kuubeba. Mahali ambapo elimu imekuwa kipimo cha mtu, asiyesoma huhesabiwa kuwa pungufu ya mtu, na wazazi wake hutahayari kanisani, msikitini na katika vikao vya ukoo. Nimewaona mama wanaojua bei ya kila debe la maharage sokoni na wanaoendesha nyumba za watu kumi kwa hekima isiyo na mfano, ambao wakiulizwa habari za mtoto wao wa mwisho katika orodha huinamisha macho kama walioiba.

Na tujiulize: akili tuliyoirithi ilitoka wapi? Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alipoandika historia ya siasa ya Wapare iliyochapwa mwaka 1969, alikwenda kwa wazee, akayapokea kutoka vinywani mwao majina ya koo, vita, hamahama na habari za Washana, wale wahunzi wa Ugweno walioshika utawala kabla haujatwaliwa na ukoo wa Wasuya. Habari hizo zilikuwa zimevuka vizazi kwa kumbukumbu tu. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walijua walisemalo, maana waliishi na watu wenye akili za kila namna, ya moto na chuma, ya maji, ya mifugo, ya dawa za miti, ya maneno, na kila moja ilikuwa na kiti chake barazani.

Wasomi wa leo wamerudi palepale kwa njia ndefu. Katika kijiji cha Usenge, karibu na Kisumu, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto juu ya dawa za mitishamba zinazotumika kwao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliozijua zaidi dawa hizo aghalabu walikuwa na alama za chini katika mitihani ya namna ya shule. Mwaka 2002 wakachapisha habari za watoto wa vijiji vilivyo karibu na Bagamoyo: waliwapa mitihani ya kufikiri, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja, wakawapa tena, na alama zikapanda, tena waliopanda hawakuwa lazima wale waliotangulia hapo mwanzo. Mtihani wa kwanza ulikuwa umepima yaliyokwisha ingia kichwani, haukupima uwezo wa kuingiza mengine. Je, karatasi inayosomwa uwanjani siku ya kufunga shule inapima lipi?

Fimbo na methali zake

Hapa ndipo tunapojificha nyuma ya wahenga. Samaki mkunje angali mbichi, husema mwalimu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, hujibu baba. Na baina ya methali hizo mbili mtoto huchapwa shuleni kwa kukosa imla, na nyumbani kwa kuchapwa shuleni. Ni methali njema kwa mwana mkaidi. Lakini ukaidi uko wapi kwa mtoto aliyetoboa karatasi kwa juhudi? Fimbo inaweza kumfanya mtoto aamke mapema, afagie, anyamaze, asiibe. Haiwezi kumfanya asikie tofauti ya mb na b. Inaloweza katika jambo hili ni moja tu: kumfunza hofu ya kitabu, na mwenye hofu husahau hata alilokuwa nalo.

Tena fimbo ya namna hiyo si halali hata kwa sheria yetu. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zimeiweka adhabu hiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu na kwa makosa mazito yanayoiaibisha shule. Viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyepewa kibali naye kwa maandishi, na yote yaandikwe kitabuni. Mimi ningependa fimbo itoke shuleni kabisa. Lakini hata anayeipenda na aisome kanuni hiyo tangu mwanzo hata mwisho anionyeshe ni wapi iliporuhusu kumchapa mtoto kwa kushindwa kusoma.

Nyumba inalipa

Wanaodhani kuwa haya ni mambo ya walimu na watafiti na waitazame nyumba yenye mtoto huyu. Kwanza hupotea fedha: tuisheni ya jioni inayorudia yale yale kwa njia ile ile, mganga anayetaka beberu mweusi, shule ya bweni ya kulipia inayoahidi kumnyoosha na kumrudisha mwaka wa pili. Kisha huingia fitina, baba akimlaumu mama kwa kumdekeza, bibi akimshuku jirani, na ndugu wadogo wakimpita kaka yao darasani hata wakajifunza kumdharau. Mtoto mwenyewe huchagua jina lililo bora kati ya mawili aliyopewa: kwa kuwa kuitwa mtundu kuna heshima kuliko kuitwa kilaza, basi huwa mtundu. Wasichana hawapati hata uchaguzi huo. Wao hunyamaza, wakakaa nyuma, wakamaliza la saba bila mtu kukumbuka sauti zao, na mwezi wa pili wako Dar es Salaam au Arusha wakilea watoto wa watu.

Mvulana huenda Mererani kutafuta tanzanaiti, au Makanya kwenye machimbo ya jasi, au hupewa bodaboda kwa mkataba asioweza kuusoma. Nimewaona vijana hawa stendi ya Mwanga wakimpa simu mtu wasiyemjua vizuri ili awasomee ujumbe wa fedha zilizoingia, na kwa ajili hiyo wakampa na siri ya akaunti yao. Nimesikia habari za mmoja aliyetia dole gumba katika hati ya shamba la urithi akidhani anaweka rehani, kumbe ameuza. Hasara ya namna hiyo haimwishii yeye; ukoo mzima hukaa vikao miaka mitatu juu ya shamba lile.

Yaliyo ndani ya uwezo

Ukiitazama historia ya elimu maalumu nchini kwetu utaona kwamba ulemavu unaoonekana ulipata shule yake kabla ya usioonekana: Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, Wakatoliki wakafuata na shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na hapa Mwanga penyewe tunayo shule ya watoto viziwi ya Walutheri, ambayo wazazi wa wilaya nyingi wanaibariki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Yapo mambo ya kujivunia. Lakini mtoto ambaye hakuna fimbo nyeupe mkononi mwake wala kifaa sikioni mwake hupita katika milango hiyo yote bila kuulizwa hali.

Hali hiyo huandamana naye mpaka kwenye mtihani. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na katika taarifa zake huwataja wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Dakika hizo ndizo hasa anazozihitaji msomaji mzito, ambaye majibu anayo ila swali halijamwishia kusoma. Lakini mtoto ambaye hajapimwa wala kuandikwa popote nani atamwombea? Hilo ni la kudai kwa wizara, na wazazi ndio wanaopaswa kulidai. Nchini Marekani halikuanzwa na maprofesa pekee: wazazi walikutana Chicago mwaka 1963 kwa ajili ya watoto wao wa namna hii, wakajiunga, wakasumbua, na mwaka 1975 sheria ikawataja watoto hao waziwazi.

Wakati tunadai, yapo yasiyongoja wizara. Chuo cha Patandi, huko Tengeru, kinafunza walimu wa elimu maalumu, na halmashauri zetu zinaweza kumpeleka huko walau mwalimu mmoja wa kila kata. Akirudi, asigeuzwe kuwa mwalimu wa michezo kwa sababu ya upungufu wa watu. Macho na masikio yanaweza kupimwa kwa urahisi: mwalimu akasimama nyuma ya mtoto akamnong'oneza neno, akamsogeza mbele asome ubao kisha akamrudisha nyuma, na aliyeshindwa akapelekwa hospitali ya wilaya au ya KCMC, Moshi, kabla ya mtu kutamka neno uvivu. Herufi inaweza kuandikwa kwa kidole katika sinia la mchanga huku sauti yake ikitamkwa, ili mkono, jicho, sikio na ulimi vifanye kazi pamoja. Ndivyo wanavyofundishwa watoto wa disleksia katika sehemu nyingi, na mchanga wetu hauuzwi. Anayehangaishwa na hesabu na apewe vizibo vya soda na punje za mahindi hata baada ya wenzake kuziacha. Anayeshindwa kuandika na aulizwe kwa mdomo Historia na Jiografia, alama ziandikwe. Na kazi hii ianzie darasa la kwanza na la pili, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa darasa la saba hakuna mzazi niliyemwona akiujenga akaumaliza.

Mwalimu wa darasa la pili awe na daftari moja dogo lenye majina ya watoto hawa, na mbele ya kila jina aandike analoweza na asiloweza, kisha alikabidhi kwa mwalimu wa darasa la tatu mkono kwa mkono, maana mara nyingi maarifa aliyoyapata mwalimu mmoja juu ya mtoto kwa mwaka mzima huhama naye akihamishwa. Tena watengewe dakika 20 za kila siku, wanne au watano pembeni, na dakika hizo si lazima ziwe za mwalimu peke yake. Milimani kwetu wamejaa walimu wastaafu, wenye pensheni ndogo na subira kubwa, ambao wangefurahi kuitwa.

Mkutano wa wazazi wa mwezi wa Januari unatosha kuwa mwanzo. Ajenda ya mchango wa makande na ya madawati na iwepo kama desturi. Lakini kabla yake mwalimu wa darasa la pili asimame aeleze ni watoto wangapi bado hawajaweza kuunganisha silabi, macho na masikio yao yamepimwa lini, na nani miongoni mwa waliohudhuria atakaa nao kuanzia Jumatatu.